UZI: Kampuni za huduma za nyumbani Minnesota (zenye leseni ya sura ya 245D ya sheria za jimbo). Kabla ya kumwogopa mkaguzi, jiulize nyumba ni ya nani

BintiMrima (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu.

Uzi huu ni wa wenye kampuni za huduma za nyumbani hapa Minnesota, wanaotaka kufungua, na wenzetu wanaokesha zamu kwenye nyumba za watu wenye ulemavu. Kwenye magrupu ya WhatsApp swali halikauki: "Mkaguzi wa DHS anakuja wiki ijayo, niandae karatasi gani?" (DHS ni idara ya jimbo ya huduma za jamii, ndiyo inayotoa leseni zetu.) Anayeuliza hivyo ameshachelewa. Mkaguzi haji kusoma karatasi tu. Anapita jikoni, anatazama milango, anaongea na mteja faragha, halafu ndipo anafungua faili aone kama maandishi yanafanana na aliyoyakuta.

Kazi hii nimeifanya kwenye zamu na sasa naifanya ofisini. Ninachokiona ni kwamba wengi wetu hatuandikiwi makosa kwa sababu ya roho mbaya. Tunaandikiwa kwa sababu tunamlea mteja kama tunavyomlea mzee wetu kwetu: tunaamua ale nini, alale saa ngapi, nani aje kumwona, na tunaona huo ndio upendo wenyewe. Sheria ya huku ina swali lake kabla ya upendo wako: nyumba hii ni ya nani? Moyoni ukijibu "ni ya kampuni yangu", hata faili zako ziwe nadhifu namna gani, utakamatwa jikoni.

Tupitie chanzo kidogo, maana anayekijua chanzo hahitaji kukariri vifungu. Zamani Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, ililipa vizuri mtu akiwa hospitalini au kwenye taasisi, si akiwa kwao. Mtoto mmoja wa Iowa, Katie Beckett, aliyehitaji mashine ya kupumulia, alikwama hospitalini kwa sababu hiyo. Wazazi walimtaka nyumbani, na kumtunza nyumbani kulikuwa nafuu, lakini akitoka tu bima ya serikali ingekatika. Rais Reagan alilitaja jambo lake hadharani Novemba 1981. Mwaka huohuo ndipo kifungu cha 1915(c) kilipoingia kwenye sheria, kikayapa majimbo ruhusa ya kutumia fedha za Medicaid kumhudumia mtu nyumbani kwake na katika jamii. Hiyo ndiyo tunayoiita weiva, na ndiyo inayolipa mishahara yetu. Kisha 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Olmstead iliyohusu wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, ikasema kumweka mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi pasipo haja ni ubaguzi chini ya ADA, sheria ya 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu.

Minnesota nayo ina kidonda chake. Kwenye kituo cha serikali kilichoitwa METO, huko Cambridge, watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakifungwa pingu za mikono na za miguu. Familia zilikwenda mahakamani, mapatano ya kesi ya Jensen yakafikiwa 2011, na kanuni ya 9544 ikaanza kutumika 2015. Ndiyo inayokukataza kumfungia mteja chumbani, kumshika kwa nguvu ili kumwadhibu, au kumnyima chakula na vitu vyake kwa sababu "amekosa adabu". Tunapokwenda kwenye mafunzo ya kanuni hii tunasinzia. Ombi langu ni kwamba tuikumbuke METO tukiwa tumekaa pale darasani.

Sasa nije kwenye kanuni ninayotaka kuikazia. Serikali kuu iliitoa Januari 2014, na majimbo yalipewa hadi tarehe 17 Machi 2023 kuitimiza. Inasema mahali panapolipiwa na weiva pasiwe taasisi iliyojificha ndani ya nyumba ya kawaida. Kama nyumba ni ya kampuni au imepangwa na kampuni, mteja lazima awe na mkataba wa kukaa unaomlinda asitolewe ovyo, kama mpangaji mwingine yeyote. Mlango wa chumba chake uwe na kufuli analoweza kulifunga yeye, na ufunguo uwe kwa wafanyakazi wanaohusika tu. Awe na sauti juu ya nani wanalala naye chumba kimoja. Apambe chumba apendavyo. Apange ratiba yake. Apate chakula wakati wowote. Apokee mgeni wakati wowote.

Sasa tembea nami kwenye nyumba zetu.

Jikoni: friji ina kufuli kwa sababu mteja mmoja anakula sana, na wenzake watatu wasio na shida hiyo nao wanaomba ruhusa ya kuchukua maziwa. Au mlezi amepika ugali na mboga alizozipenda yeye, kwa bajeti ya chakula cha wateja, akala, nao wakala kwa kuwa hakuna kingine. Chakula si kibaya. Swali ni nani aliyechagua.

Vyumbani: mlezi anafungua mlango bila kubisha. Kwetu mama habishi hodi kwenye chumba cha mwanawe, na wengi tumeingia na tabia hiyo kazini. Mteja ana miaka 52.

Saa tatu usiku taa zinazimwa, kila mtu kitandani, kwa sababu mlezi wa usiku anataka kusoma kwa ajili ya mtihani wake wa unesi. Wateja wanne wenye umri tofauti wanalala wakati uleule, siku zote, mwaka mzima. Mkaguzi akiuliza "nani anapenda kuchelewa kulala?" na mteja akajibu "haturuhusiwi", umekwisha.

Jumapili: wafanyakazi hawatoshi, kwa hiyo mlezi anawapakia wote kwenye gari na kuwapeleka kanisani kwake. Mteja mmoja hana dini, mwingine Mkatoliki na padri wake anamjua kwa jina, wa tatu angependa kutazama mpira. Wanakaa saa tatu kwenye ibada ya lugha wasiyoielewa. Najua nia ni njema, na najua waumini wanawapokea kwa upendo. Bado ni haki yake kuchagua kutokwenda, na ni wajibu wako kuwa na mtu wa kubaki naye.

Na hili la lugha linaniuma sana: walezi wawili wanaongea Kiswahili au Kikisii juu ya kichwa cha mteja wakati wanamvalisha. Yeye hajui kama anasemwa. Kufanyiwa kwa heshima ni haki iliyoandikwa kwenye 245D.04. Ukiwa umeshika mwili wa mtu, ongea naye.

Haya hayatibiwi na faili. Yanatibiwa na mwenye kampuni anayekwenda kwenye nyumba zake saa mbili usiku bila taarifa, akakaa sebuleni, akawauliza wateja siku ilikwendaje.

Baada ya hapo ndiyo, tuzungumze karatasi, kwa kuwa hela inarudishwa kwa sababu ya karatasi. Kumbukumbu ya huduma lazima iwe na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza ikiwa na a.m. au p.m., jina la huduma, jina la aliyeifanya, cheo na sahihi yake. Hiyo a.m. na p.m. imo ndani ya sheria ya jimbo yenyewe. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kuanzia alfajiri tunapaswa kuwa makini mara mbili: nimeona maelezo ya zamu yaliyoandikwa "2:00 hadi 10:00" na mwandishi alimaanisha saa mbili asubuhi. Mkaguzi wa fedha haulizi ulimaanisha nini. Huduma isiyo na kumbukumbu kamili inahesabiwa kuwa malipo yasiyo halali, hata kama mteja alioga, akala na akapelekwa kliniki siku hiyo.

Tena, maelezo yaandikwe yaliyotokea. "Mteja yuko sawa, hakuna tatizo" kwa siku 30 mfululizo ni sawa na kutoandika. Mpango wake unasema anajifunza kupika mwenyewe. Je, leo alikata kitunguu? Alikataa? Uliitikiaje alipokataa?

Kwa wafanyakazi wapya kwenye huduma za kina, sheria inataka saa 30 za mafunzo ya mwanzo ndani ya siku 60 tangu kuajiriwa, na 10 kwa huduma za msingi. Mafunzo ya kuripoti unyanyasaji yawe ndani ya saa 72 tangu aanze kumgusa mteja. Uchunguzi wa historia ya mtu ukamilishwe kabla hajaachwa peke yake na mteja. Na kila mwezi pitisha majina ya wafanyakazi wako kwenye orodha ya shirikisho ya watu waliozuiwa kulipwa na Medicare na Medicaid. Ukimwajiri aliyemo humo, kila saa aliyofanya ni deni lako.

Karibuni tujadili. Maswali yoyote ya kweli nitajibu ninavyojua.

---

Nahodha77

Asante dada kwa uzi. Niko St. Cloud. Swali langu ni hilo la friji. Sisi tuna mteja mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao wa Prader-Willi. Huyo njaa yake haishi, anaweza kula mpaka adhurike. Sasa nikitoa kufuli si nitamuua? Na nikiiweka navunja kanuni. Nifanyeje?

---

BintiMrima

Kaka Nahodha, hapo ndipo watu wengi wanapoielewa kanuni vibaya. Haikatazi kufuli moja kwa moja. Inakataza kufuli ulilojiamulia mwenyewe.

Kwa Prader-Willi hatari inajulikana kitabibu, kwa hiyo zuio linaweza kuwa halali. Ila lazima lipite njia yake: liwe ndani ya mpango wa mteja huyo, liseme hitaji lililopimwa ni lipi, mlijaribu njia gani nyepesi kabla ya hapo ambazo hazikutosha, zuio lenyewe ni lipi hasa, mtapimaje kama linasaidia, na masharti gani yakitimia litaondolewa. Yeye au mwakilishi wake wa kisheria akubali kwa sahihi na tarehe. Kwa sheria ya hapa mlipitie angalau kila miezi sita, na anayeombwa kupitia mapema zaidi asikatae. Mteja ana haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na akiiondoa zuio linakoma hapohapo.

Jambo la pili linasahauliwa karibu kila mahali: wenzake hawana Prader-Willi. Kufuli lake halipaswi kuwa lao. Wape ufunguo, au friji ndogo vyumbani mwao, au njia nyingine ya kupata chakula pasipo kuomba. Mkaguzi akifika ataanza na hao wengine.

Kuna jambo moja tu ambalo halina zuio hata uandike mpango wa kurasa mia: nyumba kufikika kwa mwili. Mteja wa kiti cha magurudumu lazima aweze kuingia na kutumia nyumba.

---

NesiWaUsiku

Naomba kuongezea upande wa dawa na matukio, maana hapo ndipo ninapofanyia kazi.

Mlezi asiye nesi anaruhusiwa kutoa dawa baada ya kufunzwa na kuonekana kwa macho akifanya kwa usahihi. "Kuonekana" kunatakiwa kuwe na karatasi: nani alimtazama, lini, dawa ya aina gani. Chati ya dawa isainiwe papo hapo, si mwisho wa zamu masanduku yote kwa mpigo. Ukiona chati ya mwezi mzima ina wino mmoja na mwandiko mmoja usiotetereka, unajua ilijazwa siku moja.

Matukio: mteja ameanguka, amepelekwa hospitali, polisi wameitwa, dawa imekosewa. Mwakilishi wake na msimamizi wa kesi wajulishwe ndani ya saa 24. Kifo au jeraha kubwa linakwenda pia DHS na kwa Ombudsman (mtetezi wa serikali) wa afya ya akili na ulemavu, ndani ya saa 24 hizohizo. Ukishuku unyanyasaji au kutelekezwa, ripoti MAARC, kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za unyanyasaji wa watu wazima. Wajibu huo ni wako wewe mlezi binafsi. Sheria ya hapa inakuruhusu kuutimiza kwa kuripoti kupitia utaratibu wa ndani wa kampuni, lakini ukiona bosi hakuripoti, piga MAARC mwenyewe.

Kuna wanaoogopa kwamba kuripoti kutafunga kampuni. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii, tukio lililoripotiwa mapema linajadiliwa na kurekebishwa. Lililofichwa likagunduliwa na binti wa mteja ndilo linaloleta wachunguzi mlangoni.

---

MamaUvira

Jambo wandugu. Miye ni wa Uvira, tulifika hapa kama wakimbizi kupitia Burundi. Sina kampuni. Ninatunza mama yangu mzazi nyumbani na kampuni moja inanilipa kwa CFSS, programu ya jimbo ya kumsaidia mtu nyumbani kwake. Watu wananiambia mambo mengi tofauti. Je, ni halali kweli kulipwa kwa mama yangu? Na hii simu ya kubonyeza kila nikianza na kumaliza, ni ya lazima hata kama ninaishi naye? Na kodi?

---

BintiMrima

Mama, pole na hongera kwa kazi hiyo. Ni halali kabisa. CFSS ilianza kuchukua nafasi ya PCA, programu ya zamani ya wasaidizi wa nyumbani, Oktoba 2024, na imepanua mlango: hata mume, mke, au mzazi wa mtoto mdogo sasa anaweza kulipwa, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Kila mfanyakazi ana kikomo cha saa 310 kwa mwezi kwa jumla ya wateja wake wote, kwa hiyo ukiwa na kampuni mbili zihesabu pamoja.

Ile simu ni EVV, uthibitisho wa kielektroniki wa ziara. Inatokana na sheria ya shirikisho ya Desemba 2016, na inarekodi mambo sita: huduma gani, kwa nani, na nani, tarehe gani, mahali gani, saa ya kuanza na kumaliza. Kuhusu wanaoishi nyumba moja na mteja, majimbo yana taratibu tofauti, kwa hiyo iombe kampuni yako maelekezo ya maandishi ya jimbo letu, usichukue neno la mdomo.

Kodi: kuna ilani ya IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ya 2014, namba 2014-7. Mlezi anayeishi nyumba moja na anayemtunza, akilipwa kupitia weiva za Medicaid, malipo hayo yanaweza kutohesabiwa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho. Familia nyingi za wenzetu zinalipa kodi wasiyodaiwa kwa kutolijua hili. Mpelekee ilani hiyo anayekutengenezea kodi, na muulize kama huduma yako inaingia humo.

Ninakuomba kitu kimoja kwa uzito wote. Mama akilazwa, au akisafiri kwenda kuwaona ndugu Burundi au Kongo, piga simu ofisini siku hiyohiyo na usianzishe saa. Huduma ya nje ya Marekani hailipwi. Mtu akirudi safarini na pasipoti yake ina mihuri, halafu saa zake za miezi miwili zimedaiwa, hiyo haielezeki mbele ya yeyote.

---

KijanaWaZamu

Shikamoo dada, na wakubwa wote humu. Mimi nina swali gumu kidogo. Ninapofanya kazi, wananilipa kwa 1099 (fomu ya kodi ya mtu aliyejiajiri), saa 70 kwa wiki, hakuna ovataimu. Na mwezi uliopita nilitumiwa ujumbe nijaze maelezo ya zamu ambazo hazikufanyika, "ili faili likae sawa kabla ya ukaguzi". Karatasi zangu za uhamiaji bado zinashughulikiwa na ninaogopa kupoteza kazi. Nikikataa itakuwaje?

---

BintiMrima

Marahaba mdogo wangu. Usijaze. Hata moja.

Nakueleza sababu bila kukuficha. Ukisaini zamu ambayo haikufanyika na kampuni ikaidai Medicaid, sahihi ni yako. Sheria ya Madai ya Uongo ya shirikisho, ambayo ipo tangu 1863, inatoza mara tatu ya hasara pamoja na faini kwa kila dai, na jimbo letu lina kitengo cha kuchunguza ulaghai wa Medicaid kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Kwa asiye raia kuna kisu kingine: kutiwa hatiani kwa ulaghai uliosababisha hasara inayozidi dola 10,000 kunaingia kwenye kundi la makosa ambayo sheria ya uhamiaji inayaita mazito, na hapo hata mwenye kadi ya kijani anaweza kurudishwa. Kwa viwango vya huduma zetu, dola 10,000 zinafika haraka sana.

Hifadhi ujumbe uliotumiwa. Jibu kwa maandishi, kwa adabu: "Zamu hizo sikuzifanya, siwezi kuziandikia maelezo." Ukilipizwa kisasi kwa kukataa au kuripoti, sheria hiyohiyo ina kifungu cha kukulinda. Nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuripoti popote, na ofisi za msaada wa kisheria zipo kwa wasio na uwezo.

Kuhusu 1099: mtu anayepangiwa zamu, anayeelekezwa namna ya kufanya kazi, kwenye nyumba ya kampuni, kwa kawaida ni mwajiriwa, hata wakuandikie nini kwenye mkataba. Kanuni ya shirikisho ya 2013, iliyoanza kutekelezwa 2015, iliwaondolea wakala wa huduma za nyumbani kisingizio cha kutolipa ovataimu. Julai 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza kuirudisha nyuma kanuni hiyo, na wenye kampuni wengine wameshangilia mapema. Minnesota ina sheria yake ya mishahara, nayo haifutwi na pendekezo la Washington.

Na kwa wenye kampuni mnaosoma hapa: ukigundua umelipwa usichostahili, una siku 60 za kutoa taarifa na kurudisha. Ukirudisha mwenyewe, umerekebisha hesabu. Ukikaa nazo huku unajua, zinageuka dai la uongo.

---

MzeeWaKazi

Nimewasoma wote. Dada unaongea vizuri lakini ngoja nikwambie ukweli wa upande wa pili. Sisi wadogo ndio tunaoumia. Tangu mwaka jana malipo yanachelewa, wanasema madai yanachunguzwa kwanza na kampuni ya nje. Nina walezi kumi na wawili wanaosubiri mshahara. Kosa langu ni nini? Kuna watu waliiba mamilioni, mimi ninaadhibiwa. Na kila Mwafrika sasa anaonekana mwizi.

---

BintiMrima

Mzee wangu, uchungu huo ni wa haki na siupingi. Oktoba 2025 gavana aliagiza madai ya huduma 14 zilizotajwa kuwa za hatari kubwa yachunguzwe na kampuni ya Optum kabla ya kulipwa, na malipo yanaweza kushikiliwa hadi siku 90. Kampuni kubwa ina akiba ya siku 90. Kampuni ya walezi kumi na wawili haina. Hilo linapaswa kusemwa kwa wabunge wetu kwa sauti, na waseme walezi na familia za wateja pia, wasiwe wenye kampuni peke yao.

Lakini tuangalie kilichotufikisha hapa. Programu ya kuwatafutia watu makazi, ile ya Housing Stabilization, Minnesota ilikuwa ya kwanza nchini kuianzisha, 2020. Ilikadiriwa ingetumia kama dola milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka 2024 ilitumia zaidi ya milioni 100. Jimbo likaifunga yote Oktoba 2025. Waliopoteza si wezi peke yao: kuna mtu mwenye ulemavu aliyekuwa anasaidiwa kweli kutafuta chumba, na msaada wake ulikatika siku ileile. Kila saa ya uongo inayodaiwa inachukuliwa kwa mtu mmoja halisi aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Kuhusu kuonekana wezi kwa sababu ya tulikotoka, ni dhuluma, na imewaangukia jirani zetu Wasomali kwa uzito usio wa haki kuliko yeyote. Sina dawa ya hilo. Ninachoweza kukupa ni cha kazi: madai yako yakishikiliwa, wanachokitafuta ni kama saa za EVV, maelezo ya zamu, ratiba na malipo ya mishahara vinakubaliana. Fanya ulinganisho huo mwenyewe kila Ijumaa kabla ya kutuma dai. Mlezi aliyeonekana sehemu mbili kwa wakati mmoja, zamu iliyozidi saa zilizoidhinishwa, mteja aliyekuwa hospitalini: hivyo ndivyo kompyuta yao inavyovikamata, na wewe unaweza kuviona kwanza ukiwa na daftari tu.

---

MzeeWaKazi

Hapo kwenye Ijumaa nimekuelewa. Mimi huwa natuma tu dai, nalinganisha likirudi. Nitabadilisha. Na hela za wateja je? Kuna mteja ananiomba nimtunzie kadi yake ya benki.

---

BintiMrima

Kuwa mwangalifu sana hapo mzee. Unaweza kumsaidia kutunza fedha kama ameidhinisha kwa maandishi yeye au mwakilishi wake, na fedha zake zikae mbali kabisa na za kampuni na za wateja wengine, kila risiti ikiwepo. Usimkope, usinunue kitu chake, usimuuzie kitu, wala mlezi wako asifanye hivyo. Hata kama yeye ndiye anayekusihi. Na samani au sabuni ambayo kampuni inapaswa kuinunua isitoke mfukoni mwake.

---

Nahodha77

Swali la mwisho kutoka kwangu dada. Nina rafiki anataka kuingia kwenye kazi hii. Leseni mpya za 245D zimesitishwa tangu Januari 2026, kwa hiyo kuna mtu anamuuzia kampuni yenye leseni tayari. Ni njia nzuri?

---

BintiMrima

Mwambie asilipe kwanza. Leseni ya Minnesota haihamishwi wala haiuzwi. Kampuni ikibadilisha mmiliki, mmiliki mpya lazima apitie maombi yake DHS, na huenda kusitishwa kwa leseni kunaligusa hilo pia, kwa hiyo awaulize DHS kwa maandishi kama hali yake inaruhusiwa. Anayemwambia "lipa, jina la leseni libaki langu, wewe endesha tu" anamwingiza kwenye kesi.

Kama DHS wakisema inawezekana, aombe kuona amri za marekebisho (makosa ambayo DHS iliagiza yarekebishwe) za miaka miwili iliyopita, na faili za wateja wote. Kisha aende kwenye nyumba zenyewe jioni, afungue friji, na awaulize wateja kama mtu wa kuwatembelea anaweza kuja bila miadi.